Shazia Nne za Mama Sufi

Mtaani kwao hapakuwa na mtu aliyejua siri za kulala kwa watu kama Mama Sufi. Ukimpelekea godoro lako bovu, alilipitishia kiganja toka kichwani hadi miguuni, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Kisha alikuambia: "Wewe unalalia ubavu wa kushoto. Mwenzio anakuvuta shuka. Na huku miguuni kuna mtoto anapanda alfajiri." Watu walicheka, halafu waliona haya, maana mara nyingi ilikuwa kweli.

Hakuwa na mtoto aitwaye Sufi. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, binti mwalimu aliyeishi mbali na kumpigia simu kila Jumapili. Jina lilitokana na ile sufi yenyewe, pamba nyepesi ya msufi, ambayo yeye na mumewe waliishindilia kwenye magodoro kwa miaka arobaini na mmoja. Ilimkaa nyweleni, kwenye nyusi, kwenye mikunjo ya gauni. Mgeni asiyejua akimwuliza, "Sufi hajambo?" yeye alijibu bila kutabasamu, "Hajambo, jana nimemshonea ndani ya godoro la muuza nyama."

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu, mlango barabarani. Ndani mlikuwa na meza pana ya mbao iliyofika magotini, cherehani moja ya kushonea ganda la godoro, magunia ya sufi yaliyopangwa hadi karibu na dari, na dirisha lenye wavu mwembamba. Feni haikuruhusiwa. Aliyewahi kuiwasha, fundi umeme mmoja aliyekuja kutengeneza taa, alitoka mle amekuwa mweupe kama kifaranga.

Sheria ya pili ilihusu shazia. Shazia ni sindano ndefu, hizi zao zilizidi shibiri, ncha kali pande zote mbili. Godoro likishajazwa na kushonwa, sufi iliyomo huhama. Mtu akilala wiki mbili, katikati panakuwa bonde na pembeni panakuwa milima. Kwa hiyo fundi hulitoboa godoro zima kwa shazia, juu kwenda chini na chini kurudi juu, akikaza uzi na kufunga kifundo kila baada ya kiganja, ili sufi ikae mahali pake. Hapo ndipo penye hatari. Uzi ukikatika shazia ikiwa katikati, inazama. Ukilisogeza godoro, inageuka, na hujui tena imeelekea wapi. Mumewe alikuwa akisema godoro halina meno, lakini linameza.

Ndiyo maana ukutani palikuwa na kipande cha kitambaa kizito cha sufu, kimepigiliwa misumari, na shazia nne zilichomekwa hapo kila jioni. Mume akiwa mlangoni na kufuli mkononi, aliuliza bila kugeuka:

"Zimelala?"

"Zimelala."

"Zote?"

"Zote nne."

"Basi nasi tukalale."

Hawakuwahi kulikosa swali hilo hata siku walizogombana. Kulikuwa na jioni, alipenda kusimulia Mama Sufi, ambazo hayo ndiyo yalikuwa maneno yao pekee toka asubuhi.

Mume alipofariki, yeye alikuwa na miaka sitini na sita. Alilia akamaliza, akafungua karakana siku ya kumi, akashona. Mikono ilikuwa ileile. Kilichoondoka ni usingizi. Yeye aliyelaza mtaa mzima alibaki macho, akisikiliza upande wa pili wa kitanda ambao haukupumua. Aligeuza godoro. Akalifumua, akachambua sufi upya, akalishona vizuri kuliko godoro lolote alilowahi kumshonea mteja. Haikusaidia.

Kaka wa marehemu, shemeji yake, mzee wa miaka sabini na ushei aliyekuwa akija kusaidia kuchambua sufi na kuchambua habari za watu, alimwangalia asubuhi moja akatikisa kichwa.

"Shemeji, macho mekundu hivyo, umeyakaanga?"

"Usingizi umehama."

"Sasa si uupelekee mwaliko?" Akachomoa chupa ya mvinyo kwenye mfuko wa koti. "Kikombe cha kahawa tu, kabla ya kulala. Ni dawa. Mimi nikimeza hicho nalala kama gogo."

"Gogo halikoromi. Wewe jirani yako kahama."

"Alihama kwa sababu ya kodi!"

Mama Sufi alicheka, akaichukua chupa. Na usiku huo akalala. Tusimlaumu shemeji, wala tusimlaumu yeye. Mtu aliyekaa macho miezi miwili, ukimwonyesha mlango wa usingizi hatauliza umetengenezwa kwa mbao gani. Wiki za kwanza kikombe kilifanya kazi kama kijakazi mwaminifu. Alikunywa, akalala, akaamka akashona.

Baadaye kijakazi akaanza kudai. Kikombe cha kahawa kikawa cha chai. Cha chai kikawa glasi. Na usingizi wenyewe ukawa na tabia mpya. Ulimchukua upesi, kama mtu anayekuvuta mkono, halafu ukamwacha njiani. Saa nane kamili macho yalifunguka, moyo unakimbia, kinywa kikavu, kibofu kinamwita. Akitoka kujisaidia na kurudi, kitanda kilikuwa kimeshamkana. Alilala chali akiwahesabu wateja wake wote, nani analalia ubavu gani, mpaka jogoo.

Mchana alisinzia amesimama. Kwa hiyo akaona dawa ni kuuwahisha usingizi. Akaanza kunywa saa kumi na moja jioni, palepale karakanani, akifunga kazi. Chupa aliificha ndani ya gunia la sufi. Aliishi peke yake na hakuna aliyemchunga, lakini aliificha. Picha ya mumewe ilikuwa imetundikwa juu ya cherehani, inatazama meza.

Pamoja na hayo, hakuna aliyewahi kumwona akiyumba. Hakuchelewa kufungua mlango. Hakuchanganya sufi kuukuu na mpya akamwuzia mtu kwa bei ya mpya, kama walivyofanya wengi. Akiletewa kazi ya mzee asiyeweza kuinuka kitandani, alimshonea godoro lenye vifundo vilivyofichwa ubavuni, visimchome mgongo, na hakumdai nyongeza. Ndiyo maana kilichotokea kilimshtua yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Alifungua mlango, akatazama ukutani, akaona shazia tatu.

Alisimama pale muda mrefu, kufuli bado mkononi. Alijaribu kuikumbuka jioni ya jana. Alikumbuka glasi. Alikumbuka uzi uliokatika na yeye akisema, nitaitoa nikimaliza upande huu. Baada ya hapo palikuwa na ukungu, na mkokoteni uliokuja kuchukua mizigo. Yalikuwa magodoro mawili. Moja kubwa la muuza nyama, jitu la mtu ambalo mtaa ulilibatiza Robo kwa utani. Na moja dogo, la kitanda cha mtoto, la msusi wa mtaa wa pili aliyejifungua miezi miwili iliyopita.

Alichukua sumaku waliyoifungia kamba, iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu, akaiburuta sakafu nzima. Ilileta pini, vichwa vya misumari, kipande cha kalamu. Akaiburuta tena. Shemeji alipofika alimkuta amepiga magoti chini ya meza.

"Unasali upande gani huo?"

"Shazia imepungua moja."

Mzee akaacha utani. Akatazama ukuta, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena kana kwamba ya nne ingeona aibu ikajitokeza.

"Itakuwa kwa Robo," akasema. "Mwache. Shazia ikikutana na Robo, itakayovunjika ni shazia."

"Na kama iko kwa mtoto?"

Mzee akatazama mlangoni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi tuwaambie kitambaa kilikuwa na dosari, tunakibadilisha. Tunaleta magodoro hapa, tunafumua, hakuna ajuaye. Shemeji, ukisema ukweli mtaani leo, kesho utamshonea nani?"

Mama Sufi alikuwa ameshachukua mkasi, shuka jeupe na ile sumaku. Hata chai hakunywa. Watu walimsalimu njiani, yeye ambaye husimama kwa kila salamu, akapita kama hakusikia.

Saluni ya msusi ilikuwa chumba cha mbele, na nyumba yake ilikuwa chumba cha nyuma. Mteja mmoja alikuwa kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama.

"Karibu, mama! Mapema hivi?"

"Mtoto yuko wapi?"

"Ndani. Ndiyo kwanza kalala, usiku kucha alikuwa ananiimbia."

"Kamnyanyue."

"Mama, nimekuambia ndiyo kwanza—"

"Mnyanyue, mwanangu. Nitakueleza akiwa mikononi mwako."

Kuna sauti ambayo mtu haibishii. Msusi aliingia ndani, akamtoa mtoto kitandani, mtoto akanuna usingizini akarudisha shavu begani kwa mama yake. Mama Sufi, aliyemfuata, akaliweka godoro dogo sakafuni, akapiga magoti, akalipitishia kiganja.

Kiganja kilikuwa kinatetemeka. Kile kiganja kilichojua nani anavutwa shuka na nani analala na huzuni, asubuhi hiyo hakikusema kitu. Alijaribu mara ya pili, akafumba macho. Hakikusema.

Basi akatandika shuka jeupe, akashika mkasi, akalikata godoro toka mwanzo hadi mwisho.

"Mama! Unafanya nini?"

"Jana nilifunga karakana bila kuhesabu sindano. Leo imepungua moja. Inaweza kuwa humu."

Alitoa sufi konzi kwa konzi, akiipitisha kila konzi kwenye sumaku, akiiweka kando. Ilielea chumbani, ikatua kwenye nywele zao wote watatu. Mteja wa nusu kichwa alikuwa ameshasimama mlangoni.

"Mume wangu alikuwa akiniuliza kila jioni," alisema Mama Sufi bila kuinua uso. "Zimelala? Nami najibu, zimelala zote nne. Siku hizi hakuna anayeuliza."

"Lakini wewe si fundi wa miaka yote hii?" msusi alisema. Sauti yake ilikuwa inatafuta mahali pa kushikilia. "Ulisahau vipi? Macho?"

Angeweza kusema ndiyo, ni macho. Uzee ni shahidi ambaye hukubali kusema lolote unalomtuma. Msusi mwenyewe alikuwa amemfungulia mlango. Hapo ndipo mtaa, ambao baadaye ulisimulia mambo mengi ya kuongeza, uliposimulia bila kuongeza, kwa kuwa mteja wa nusu kichwa alisikia kwa masikio yake.

"Macho ni mazima," alisema. "Nilikuwa nimekunywa."

Konzi ya mwisho ilipita kwenye sumaku. Haikushika kitu. Aligeuza ganda la kitambaa nje ndani, akalikung'uta. Hapakuwa na shazia.

"Haimo?" msusi aliuliza.

"Haimo."

Msusi alikaa kitandani. Alimbusu mtoto kichwani, mara nyingi, haraka haraka.

"Nitakushonea lingine leo leo," Mama Sufi alisema. "Mbele ya macho yako."

"Hapana, mama." Hakupandisha sauti. "Chukua vitu vyako. Mwanangu atalala kifuani kwangu."

Alifunga sufi yote kwenye shuka, akaibeba, akatoka. Fedha za msusi zilirudi kabla ya mchana.

Kwa Robo mambo yalikuwa mepesi kiasi cha kutia uchungu. Robo aliliacha duka la nyama na visu vyake, akampeleka chumbani, akalilaza godoro kubwa chini kwa mkono mmoja. Kabla Mama Sufi hajalikata, yeye mwenyewe akaonyesha mahali.

"Hapa, mama. Usiku kuna kitu kilikuwa kinanidonoa pajani. Nikajua mke wangu ananifinya kwa sababu ya kukoroma, nikageukia huku."

Shazia ilikuwa imesimama wima ndani ya sufi, ncha iko chini ya kitambaa kwa unene wa ukucha, uzi uliokatika bado umo kwenye tundu lake. Mama Sufi aliitoa, akaishika kwa mikono miwili.

Robo alicheka hadi godoro likatikisika. "Mama, usiniangalie hivyo! Mwili huu sindano ikiingia inapotea tena. Mngeitafuta kwa miezi."

"Ilikuwa bahati," alisema Mama Sufi.

"Si tunashukuru basi?"

"Tunashukuru. Lakini bahati si ufundi, baba. Magodoro yalikuwa mawili."

Kisha akakaa chini, palepale kwenye sakafu ya mwenye bucha, akalia. Robo, ambaye alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa machozi ya watu wazima, alisimama akamshikia ule mkasi mpaka akamaliza.

Toka hapo hakurudi karakanani. Alikwenda zahanati, shazia ameiviringisha kwenye leso. Muuguzi aliyemwona alikuwa mama mtu mzima, miwani imening'inia shingoni kwa kamba.

"Unakunywa kiasi gani kwa siku?"

"Kikombe."

"Cha ukubwa gani?"

"Kama cha kahawa."

Muuguzi akavaa miwani, akamtazama. "Mama."

"Kama cha chai."

"Mama."

"Ni glasi."

"Moja?"

"Mbili. Zikijaa."

Muuguzi aliandika, bila kuguna, bila kutikisa kichwa, na kwa hilo peke yake Mama Sufi alimpenda hadi leo. Kisha akaweka kalamu chini akamweleza kwa maneno ya kawaida. Mwili wa karibu miaka sabini si ule wa thelathini. Maji mwilini yamepungua, ini linafanya kazi kwa mwendo wa mzee, na kikombe kilekile alichoweza kukibeba ujanani sasa humkalia muda mrefu na kumlemea zaidi. "Pombe inakulaza, sikatai," alisema. "Lakini ule si usingizi mzima. Ikianza kuisha kwenye damu, mwili unashtuka. Ndiyo hiyo saa nane yako. Halafu unaongeza ili ulale, na unayoiongeza ndiyo inayokuamsha."

Mama Sufi aliigusa ile leso yenye shazia. "Kumbe nimekuwa nikitandika shuka jipya juu ya godoro lenye vinundu."

"Sijui magodoro, lakini nadhani ni hivyo."

"Basi nitafumua. Leo siinywi tena."

"Hapana!" Muuguzi aliinua mkono. "Hapo ndipo wengi wanapoumia. Mwili uliozoea hivyo, ukiukatia ghafla unaweza kuanguka kifafa. Tutapunguza kidogo kidogo, na kila wiki unakuja nakutazama. Ukitetemeka sana, ukitoka jasho, ukaona vitu visivyokuwepo, hungoji wiki, unakuja siku hiyohiyo. Umesikia?"

Alisikia. Alirudi nyumbani, akachukua uzi wa godoro, ule mnene uliopakwa nta, akaufunga kuizunguka glasi moja chini ya ukingo. Glasi ya pili, muuguzi aliporidhia, alimpa jirani. Kila alipotoka zahanati, muuguzi alimwambia ashushe kiasi gani, naye aliusukuma uzi chini kwa unene wa ukucha. Hakuwahi kunywa kupita uzi. Siku nyingine alikaa na glasi mezani akiutazama ule uzi kama mtu anayetazama mpaka wa shamba lililouzwa. Lakini hakuupita.

Usiku ule wa mwanzo ulikuwa mbaya na hakuna haja ya kuupamba. Muuguzi alimwambia asibaki kitandani akigombana na dari. Usingizi usipokuja, ainuke, aketi, afanye kazi ndogo isiyotaka akili, arudi macho yakilemewa. Na asubuhi aamke saa ileile, hata kama alilala robo saa. Kwa hiyo aliketi kwenye kiti na gunia miguuni, akitoa mbegu kwenye sufi, moja moja. Binti yake alimwuliza kwa simu anafanya nini saa zile ambazo zamani alikuwa akinywa. "Natoa mbegu," alijibu. Binti alidhani ni mafumbo.

Mchana alikaa mbali na shazia. Alisema mikono hii haitatoboa godoro la mtu mpaka itulie. Yeye alifumua na kuchambua, na shemeji akapewa kazi ya vifundo, ambayo hakuwahi kuiweza. Vifundo vyake vilipanda na kushuka kama watu waliogombania foleni.

"Shemeji, hiki ni kifundo au ni jipu?"

"Kikibanwa si kinabana? Mtu akilala hakitazami."

"Mgongo unatazama."

Kila mteja aliyeingia, kabla ya kutaja kipimo, aliambiwa jambo lile lile, kwa maneno machache. Kwamba shazia ilipotea kwa sababu ya pombe, kwamba ilipatikana, na kwamba sasa anapunguza chini ya jicho la zahanati. Shemeji alikuwa akijificha nyuma ya magunia asisikie. Wengine waliaga kwa heshima wasirudi. Mmoja alisema wazi kwamba mwanamke mzima kunywa ni aibu, na Mama Sufi akamjibu kwamba ni kweli aliona aibu, na godoro lake lingekuwa tayari Jumanne. Wengine walibaki. Robo alikuwa wa kwanza kubaki. Alimwambia kila aliyenunua nyama kwamba yeye amelala na shazia usiku mzima na ameamka mzima, utadhani ni tangazo la biashara.

Shemeji hakuacha kikombe chake. Ila siku moja, akiwa amesinzia juu ya sufi saa sita mchana, aliamka akasema ghafla, "Mimi nainuka mara tatu usiku, shemeji. Gogo gani linaloinuka mara tatu?" Tangu hapo hakuleta tena chupa karakanani, na Jumatatu moja alionekana kwenye benchi la zahanati, akidai amesindikiza mtu.

Uzi ulifika chini ya glasi mwezi wa tatu. Wiki mbili baadaye, asubuhi, mlango wa nyumba yake ukagongwa kwa ngumi.

"Shemeji! Shemeji, umekufa?"

Alifungua macho. Mwanga ulikuwa umeshapanda ukutani.

"Nimelala," alijibu.

"Uongo! Saa moja na nusu hii!"

"Ningekuwa nimekufa ningekujibu?"

"Wewe ungejibu!"

Alibaki ameketi ukingoni mwa kitanda, akicheka peke yake, akiogopa kidogo, kama mtu aliyeokota kitu cha thamani na hajui kama mwenyewe atarudi kukidai. Kilidaiwa, mara kwa mara. Usingizi wake haukurudi kuwa ule wa ujana. Ulikuwa saa tano, siku njema saa sita, na kuamka mara moja katikati. Lakini moyo haukukimbia tena, na akirudi kitandani, kitanda kilimpokea. Alianza hata kumwota mumewe. Zamani, na zile glasi, hakuwahi kumwona hata mara moja.

Mikono ilitulia. Akarudi kwenye shazia. Na akaweka desturi ambayo mafundi wengine walimcheka kwayo. Kile kitambaa cha ukutani alikipigilia kwenye ubao mwepesi. Kila godoro lilipopelekwa kwa mwenyewe, ubao uliwekwa juu yake, shazia zimechomekwa, na yeye alitembea pembeni ya mkokoteni. Godoro halikushushwa mpaka mteja ahesabu. Wengi walihesabu kwa adabu, bila kuangalia vizuri. Yeye aliwangoja waangalie vizuri.

Kwa msusi hakurudi kuomba. Walikutana njiani, wakasalimiana. Mama Sufi aliuliza habari za mtoto, msusi akajibu hajambo, basi. Kila mara Mama Sufi alitembea hatua kadhaa baada ya hapo akiwa ameshika mkoba wake kifuani.

Mtoto alipofika mwaka, jioni moja karakana ikielekea kufungwa, msusi alisimama mlangoni, mtoto kiunoni.

"Nimemnunulia la sponji," alisema, kama anayeanza katikati ya mazungumzo. "Anatoka jasho. Na kifuani kwangu sasa ananipiga mateke."

"Atakuwa analala kifudifudi."

"Umejuaje?"

"Shavu moja limechubuka."

Msusi akamtazama mtoto, akaona. Akataja kipimo. Alikuja siku ya pili, saluni ameifunga, akaketi kwenye gunia toka sufi ilipoanza kujazwa. Alifuata kila shazia ilivyoingia na ilivyotoka, na Mama Sufi alifanya kazi polepole, si kwa sababu ya woga, bali ili macho ya mwenzake yapate nafasi. Kiganja chake kilipopita juu ya godoro mara ya mwisho, hakikutetemeka.

Alikata uzi. Alichomeka shazia kwenye ubao, akaugeuzia ubao kwa msusi, akangoja ahesabu kama wote.

Msusi hakuhesabu. Alisimama, akamweka mtoto upande wa pili wa kiuno, akauliza:

"Zimelala?"

Mama Sufi aliweka mkono juu ya meza. Ilikuwa miaka minne hakuna aliyemwuliza.

"Zimelala."

"Zote?"

"Zote nne. Hesabu mwenyewe, mwanangu."

Sasa msusi akahesabu, kidole kikipita karibu na kila ncha bila kuigusa, akafika ya nne, akarudi kwa ya kwanza. Kisha akamlaza mtoto juu ya godoro palepale mezani. Mtoto akajigeuza kifudifudi, akalaza shavu kwenye kitambaa kipya, akavuta pumzi ndefu.

Nje mchana ulikuwa bado haujaisha. Msusi alichukua kufuli lililokuwa pembeni ya cherehani, chini ya ile picha, akampa Mama Sufi mkononi.

"Basi, mama," alisema. "Nawe ukalale."